Gorogoro

Nimeuza mahindi Busia miaka kumi na tisa,
upande huu wa waya, nimeipa Sofia mgongo,
na gorogoro langu ni lile lile:
kopo la mafuta ya kupikia, kilo mbili,
kitako kimebonyea kidogo kuelekea ndani.
Nililinunua hivyo. Ama husema nililinunua hivyo.

Zamani gunia lilivuka usiku kwa njia za panya,
mgongoni mwa kijana, maji ya Sio hadi kiunoni;
askari akitokea, unaacha mzigo, unaokoa jina.
Siku hizi mahindi ya Mbale yanapita lango kuu
kama bwana harusi, karatasi mkononi,
cheti cha asili, muhuri, ushuru sifuri.
Sikatai. Mwanangu Amoit amesomeshwa na lango lile.
Lakini shemeji yangu Wandera, mwenye ekari mbili Matayos,
alileta mavuno yake nikampa bei ya Mbale.
Alizihesabu pesa mara tatu.
Hakunisalimia hadi Pasaka.

Juma lililopita mtandao wa forodha ulizimika,
malori yakalala pua kwa mkia hadi Korinda,
na dereva mmoja akaweka kigoda mbele ya meza yangu
siku tatu. Nizigama, wa Kayanza, Burundi.

"Nchi yetu ukiikunja inaingia mfukoni," alisema.
"Tuliposikia tumekubaliwa jumuiyani
baba alichinja jogoo. Mimi nilidhani bahari inakuja."
Bahari haikuja. Ilikuja barabara ya kuifikia.
Kahawa ya kwao sasa ina mnunuzi anayeshika simu.
Bintiye yuko Kibabii, karo sawa na mtoto wa Bungoma,
humwandikia Kiswahili kilichonyooka kuliko chake.
Hayo aliyasema akipuliza chai, uso unamng'aa.

Kisha akachukua mche wa sabuni mezani pangu,
ule wa bluu ninaoukata kwa uzi,
akaunusa.
"Kahawa nimeshusha Mombasa. Ninachorudisha nyumbani ni hiki."
Nikacheka. Hakucheka.
Palikuwa na kiwanda kwao, watu arobaini,
mawese ya ziwani, sabuni yenye rangi ya udongo,
haina picha, haina harufu ya maua.
Ya kwetu ilifika bila ushuru, faranga chache chini.
"Miezi minane tu. Mwenye kiwanda sasa ni wakala wenu."
"Na watu wake?"
"Ndugu yangu yumo. Anapakua makatoni. Atanipakulia haya."

Nilitaka kusema si mimi, ni bei.
Ndivyo nilivyomwambia Wandera.

"Wanasema sote tunapima kwa kopo moja.
Kweli. Wala sitaki turudi kule
kwa kufungiwa bandani kama kuku wenye kideri.
Nauliza tu kopo limetoka jikoni kwa nani."

Siku ya tatu mtandao ukarudi. Honi zikaanzia Korinda.
Akaomba maharagwe ya njiani, gorogoro moja.
Nikapima, nikamimina. Akalichukua kopo tupu,
akalipindua, akapitisha kidole gumba pale palipobonyea,
polepole, kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa,
akanirudishia.
Akalipa kamili.
Nikamwongeza konzi mbili. Asante yake
ilikuwa ya konzi ya kwanza tu.

Usiku nililipeleka kopo nyuma ya nyumba,
nikakigonga kitako kwa jiwe kutoka ndani.
Kilitoka kwa kishindo, mbwa wa Sofia wakajibu.
Asubuhi halikusimama sawa mezani, linayumba
kila ninapolijaza.
Nimeliwekea kipande cha sabuni chini.