Oanisha

Kilikuja kutoka Mokowe ndani ya katoni ya glavu,
chembamba kama sinia ya visheti:
jalada la kijivu, kibodi tumboni mwake,
na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane,
lugha kumi na moja, yetu haimo.

Daktari Nyale akasema, "Mwanate, wewe ndiye mwenye vidole."
Nikanawa ayodini, nikaketi
kwenye benchi la wenye punda, nikaanza.

Kwanza unabandua nailoni.
Inalia kama kitambaa kipya kikichanwa dukani.
Kisha kishikwambi unakishusha taratibu ukingoni,
na kabla hujakifikisha sumaku zinakivuta,
tak!
kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango
siku zote akingoja hodi.
Mguu wa nyuma unaukunjua. Kioo kinasimama.
Unaingia kwenye mipangilio, unawasha bluutuuthi,
kinatafuta, kinatafuta,
halafu kinauliza bila haya, mbele za watu:
Oanisha?

Benchi zima likacheka.
Masudi wa punda za mchanga akasema,
"Kubali, dada, kisije kikaghairi."
Kikataka tarakimu sita. Mahari yangu mimi
ilikuwa na sifuri nyingi kuliko hizo,
na nusu yake bado sijaiona.
Nikaandika. Nikabonyeza kitufe cha mshale uliopinda.
Imeoanishwa.
Mashahidi, Masudi na punda wanne.

Wiki ile nzima kilinigombeza.
Kila neno kilipigia mstari mwekundu:
kwato, tandiko, shogi, Langoni,
jina langu, jina la mama yangu,
kana kwamba mji mzima ni kosa la tahajia.
Nikazama tena kwenye mipangilio
nikakikuta Kiswahili chini kabisa,
kimebanwa kati ya Kislovenia na Kiswidi.
Mistari ikafutika mmoja mmoja.
Shogi hakijaijua mpaka leo.

Vumbi la matumbawe huingia chini ya herufi M,
na bila M huwezi kuandika mguu.
Napuliza. Nakigonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.
Chumvi nayo inafanya kazi yake polepole, najua.

Nikipendacho zaidi ni kuachana kwake.
Punda haletwi mezani:
unachomoa kioo, unaviacha vitufe,
unakwenda uani, unapiga picha ya kidonda,
unarudi, tak. Hakuna aliyenuna.
Sisi tumepewa tatu.
Hiki nakiachanisha mara thelathini kabla ya adhuhuri
na kila mara kinarejea bila eda, bila barua,
bila shangazi kuja kukaa kitako ukumbini
akianza na habari za mvua.

Alhamisi akaja Bwanadi na Kidani,
yule punda jike tuliyemnunua kwa pesa zetu wote wawili,
kamba imemla mguu wa mbele.
Sikusema kitu. Nilichomoa kioo,
mkono mmoja una pamba, mwingine hauna nafasi,
nikampa yeye kibodi.
Akaipokea kwa viganja viwili
kama anayeshikishwa mtoto wa watu,
vidole mbali na herufi.
Nikapiga picha. Nikasafisha usaha.
Kidani akanikanyaga, hajabadilika.

Tukaketi kujaza fomu.
Jina la punda. Umri. Mtaa.
Mmiliki.
Nikaandika B, w, a,
na kabla sijaifikia n
kikamalizia chenyewe, jina zima, bila mstari.
"Kumbe kinanijua?"
Nikamwambia mashine hizi zinabahatisha tu.

Sikumwambia kwamba siku ile ya kwanza,
benchi lilipobaki tupu,
niliandika, nikafuta, nikaandika tena,
kupima tu
kama vitufe vinabonyea.