Ukoko

Walipong'oa vigae mbele ya madhabahu
hewa iliyotoka ilinuka usingizi wa mtu mwingine.
Mimi kazi yangu chekeche. Mia saba kwa siku, na chai.
Udongo unaletwa kwa karai, nautikisa:
vumbi linashuka, linalobaki ndilo habari.

Siku ya kwanza: vifungo, risasi ya gobori,
kipande cha sahani ya Kichina chenye mkia wa ndege
ambaye mwili wake hatukuuona hadi leo.
Siku ya nne Chengo akagonga choo,
choo cha askari wa zamani, kimejazwa kifusi.
"Mavi ya kale hayanuki," akasema, akainama kuhakikisha.
Kweli hayakunuka. Tulicheka
mpaka Padri Mwakio akaja kuchungulia shimoni,
naye, alipoambiwa, akacheka mkono mdomoni.

Chini ya choo, chungu.
Kimepasuka pande tatu, na kwenye kitako chake
ukoko. Mweusi, mgumu, umeng'ang'ana kama deni.
Daktari Mwanakombo akaukwangua kwa kisu cha hospitali,
akautia kwenye kijaluba: "Tutajua walipika nini."
Sawa, na tujue.
Mimi nauliza nini kilimtoa jikoni.
Mwanamke wa Mvita haunguzi chakula bure;
alisikia kitu upande wa pwani, akaacha mwiko,
akasema narudi sasa hivi.

Siku ya kumi na moja, karibu na mwamba,
mtoto.
Kalala ubavu wa kulia, uso kaskazini, kibla,
na madhabahu juu ya bega lake miaka yote hiyo.
Padri akavua kofia. Akafungua mdomo, akaufunga,
akatuma mtu msikitini amwite Khatibu Shekue.
Wazee wawili ukingoni mwa shimo,
kila mmoja akimpisha mwenzake aseme kwanza.
Chekeche langu lilikuwa bado linatikisika mkononi,
na halikuwa na kitu ndani.

Hakupewa namba. Au alipewa, sikuiona.
Tulimfunika kwa udongo niliouchekecha mwenyewe,
laini, hauna hata kokoto.

Vigae vimerudi. Jumamosi palikuwa na harusi;
nilikuwa napita na kikapu cha samaki, nikasimama dirishani.
Visigino vya bibi harusi sakafuni: ko, ko, ko,
hodi ya mgeni asiyejua nyumba ni ya nani.
Nikajikuta naitikia, kimoyomoyo:
karibu. Polepole tu. Kuna aliyelala.