Wimbo wa Kujaribia

Kibanda changu kiko nyuma ya stendi, Tukuyu,
mji ambao mvua huamka kabla ya watu.
Natengeneza redio, spika, vipaza sauti,
na pasi, mwezi ukiwa mbaya.

Kwenye droo nina kanda moja.
Jina lake liliandikwa kwa penseli,
vidole vyangu vimelifuta zamani.
Ni ya kujaribia. Redio ikishapona
naitumbukiza, nabonyeza,
gitaa linaingia taratibu, linachagua pa kukanyaga
kama mtu ateremkaye Rungwe na mkungu wa ndizi kichwani,
kisha mwanamume anamuuliza mwanamke
amekwenda wapi na taa.
Ubeti wa kwanza nasikiliza besi.
Ubeti wa pili nasikiliza mkwaruzo.
Ikiwa safi nazima, nadai changu.

Miaka ishirini na miwili.
Sijui yule mwanamke alikwenda wapi na taa.
Sijauchoka hata siku moja.

Nisiouweza ni ule wa Ambakisye,
kama ni wimbo:
*dawa ya panya, kunguni, mende, mia tano, mia tano tu,*
kipaza sauti kimefungwa kwenye baiskeli,
tangu saa moja asubuhi mpaka ukungu unaposhuka
kuificha baiskeli na kuiacha sauti.
Kimekufa mara tatu.
Mara tatu nimekifufua kwa mikono hii.
Tusekile, mke wangu, anacheka:
unampa nyoka maziwa, halafu unalalamikia meno.
Nifanyeje? Elfu nne ni elfu nne.

Halafu uko ule wa kwaya.
Huo sina haki ya kuuchukia.
Umepangwa vizuri, sauti zote nne,
kila moja inamsubiri mwenzake mlangoni.
Ulipigwa kwa spika zangu mwenyewe
siku tuliyomrudisha Lusajo kutoka machimbo ya Chunya.
Plagi ililegea, hakukuwa na mwingine ajuaye,
nikaishikilia waya kwa mkono wa kulia
wimbo usikatike.
Udongo wa mwanangu nilitupa kwa kushoto.

Wimbo hauna kosa.
Lakini ukianza ndani ya redio ya mteja
namwambia: bado ina hitilafu, njoo kesho.
Tusekile huuimba akimenya ndizi,
kwa sauti ya puani, kana kwamba hajui kama anaimba.
Hatujawahi kuuzungumza.
Mimi hutoka nje, nikaangalia migomba
kana kwamba imeniita.

Jumanne, mvua ya kukata na shoka.
Mama Subilaga alikuja kuchukua redio yake,
akakwama kwangu, khanga imemganda mabegani.
Nikatumbukiza kanda. Ubeti wa kwanza. Wa pili.
Kidole kilipoelekea kuzima akasema, Acha.

Nikaacha.
Ubeti wa tatu ukaja,
nikawa kama mtu aliyekuta chumba
ndani ya nyumba aliyozaliwa.
Yule mwanamume hakuuliza tena habari za taa.
Alianza kueleza usiku wenyewe ulivyokuwa,
alifika mlangoni,
akashika komeo,

umeme ukakatika.

Bati peke yake likabaki linaongea.
Mama Subilaga akafungua kinywa amalizie,
kumbe anaujua wote,
nikauinua mkono kama mtoto darasani:
Mama, nakuomba, niachie hapo hapo.
Akanitazama kwa muda.
Basi, akasema. Mwenye kanda ni wewe.
Nikampunguzia elfu moja. Hakuuliza kwa nini.

Na huko barabarani, ndani ya mvua ile ile,
Ambakisye anapita, hana habari na umeme,
betri yake iko begani:
*dawa ya panya, kungu, kungu, kungu,*
maji yameshaingia, sauti inakoroma.
Kesho saa mbili atakuwa mlangoni.
Nikawasha mshumaa,
nikaanza kutafuta bisibisi ndogo.