Hagongi Mlango

Mwaka wangu wa kwanza katika idara ya ustawi, Winnipeg,
nilipangwa kufuatana na Etelka Brüll:
mfupi, koti la kijivu, buti za kiume,
mfukoni kipande cha mkate ndani ya leso.
Nilidhani ni chakula chake cha mchana.
Jioni kilikuwa bado mle mle.

Hagongi mlango, huyu.
Husimama chini ya ngazi, kwenye theluji,
huita jina lake lote, na kazi yake,
na kwamba amekuja na kijana mmoja asiye na bunduki,
kisha hungoja.
Dakika tano. Kumi. Ndevu zangu ziliganda.
"Gonga basi, mama."
"Ngumi mlangoni naijua," akasema,
"naijua kwa upande wa ndani."

Siku hiyo faili ilimtaka mtoto wa miaka sita,
Ambrose Flett, Mkrii, anaishi na bibi yake.
Kosa: nyumba ya chumba kimoja, maji ya kuchota.
Gari letu lilikuwa likinguruma barabarani.
Fomu tayari, imebakiza sahihi.

Bibi alifungua. "Hayupo," alisema,
na macho yake hayakwenda kabatini,
hayakwenda kabisa,
na hapo ndipo Etelka alipojua.
Akaketi sakafuni, mgongo kwenye kabati,
akaongea na hewa:

"Budapest nilikaa nyuma ya makaa siku arubaini na moja.
Nilijifunza kukohoa bila sauti.
Mke wa bawabu aliyenificha hakunipenda.
Aliniita mzigo, aliniita kupe,
na kila usiku aliniletea mkate.
Wewe umejifunza nini humo?"

Kimya. Jiko lilitatarika.
Kisha, kutoka ndani ya mbao: "Kuhesabu."
"Mpaka ngapi?"
"Mia tisa."
"Umenishinda."

Aliiacha leso juu ya meza. Tukatoka.
Ndani ya gari akaandika: Mtoto hakuonekana.
Na kweli, hatukumwona.

Ningependa kuishia hapo,
lakini mwenyewe hakuniruhusu.
Kwenye taa nyekundu alitoa daftari dogo,
akasoma majina saba,
taratibu, kama mtu anayelipa deni kwa senti,
watoto ambao sahihi yake iliwahamisha
miaka ile alipoamini kwamba shuka safi ni wema.
"Hao walisikia ngumi," akasema.
"Na mgongaji ni mimi."

Taa ikageuka kijani. Hakuondoa gari.
Nyuma yetu watu walipiga honi.

Mimi nilikuwa na wawili tayari, tangu Septemba.
Nilijaribu kukumbuka majina yao.
Moja lilianza na L.