Kofia Laini

Lilikuja ndani ya gunia la vyuma chakavu,
kati ya rejeta mbili na sufuria isiyo na kitako,
kwa kilo, kama kila kitu hapa Mwanjelwa.
Fundi Ambakisye aliliona, akaweka kikombe chini.
"Tokeni nje."
Tukatoka, hata Sikitu muuza vyuma,
aliyekuwa bado anadai hela yake.
Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Loleza
mpaka kwenye nyaya za umeme.

Akatuita baadaye. Tupu.
Kiini kilishaliwa zamani;
kitakoni mlikuwa na udongo na yai la mjusi.
"Hili ni la kutoboa deraya," akasema
kwa sauti aliyoiacha jeshini mwaka asioutaja.

Akalibana kwenye jiriwa, akanipa tupa.
"Pima."
Begani tupa iliuma kidogo.
Kichwani iliuma kama kwenye sabuni.
"Fundi, kichwa kimelegea. Walikosea kukitia maji."
Akacheka, jambo la nadra mwezi wa Juni.

"Atuganile, kigumu kikigonga kigumu?"
"Kinavunjika."
"Kama chungu. Basi wakakaa vikao,
watu waliosoma, wenye watoto nyumbani,
wakaivika ncha kofia laini.
Kofia inafika kwanza.
Inajibonda ukutani, inaikumbatia ncha isipasuke.
Halafu ncha inapita."

Tukaukata kwa zamu upole ule.
Vumbi lake lilishuka kama unga wa ulezi,
msumeno ukaenda, ukaenda,
ukalia.
Meno matatu yakaruka.
"Umefika," akasema.

"Na baruti?"
"Kidogo tu, nyuma kabisa.
Ukizidisha, linakuwa debe.
Fyuzi nayo iko kitakoni, imefundishwa kusubiri.
Haiamki mlangoni.
Inaamka ndani, walipo watu."
Akaigusa pete ya shaba kiunoni mwa kombora,
mahali inapong'atwa na mtutu ili lizunguke.
"Mimi nilikuwa napakia. Sikuwahi kuona yanakofikia."
Akaomba chai nyingine. Ile ilikuwa imepoa.

Mimi nilikuwa Kandete, kwa bibi yangu Tumpe.
Bibi aliyewafukuza wapima ardhi kwa mpini wa jembe,
aliyemnyima mwenyekiti wa kijiji maji ya kunywa.
Yule bwana wa maparachichi alivua kofia yake tangu njiani.
Akapiga goti uani, mwanamume mzima,
*Ugonile*, akasema, kwa lafudhi ya kwetu kabisa,
na sukari kilo mbili, na pole ya babu
ambaye hakuwahi kumjua.
Bibi akamvutia kigoda.

Karatasi ilikuwa moja. Dole gumba moja.
Ilikaa chini ya godoro masika mawili, kimya,
tukaisahau, tukailalia.
Masika ya tatu likaja tingatinga
likaanza na migomba iliyo jikoni.

Sikumwambia fundi. Nilifagia.
Vumbi la kofia na vumbi la msumeno
havitofautiani kwenye kizoleo.

Ile ncha haikutufaa. Haikatiki,
na jiko letu haliwezi kuilainisha.
Inazuia mlango usifungwe na upepo.
Kofia tuliikereza ikawa bushi
ya mashine ya kusaga ya Mama Subilaga, Ilomba;
inazunguka bila kelele, anasifia.

Siku hizi mtu akinisalimia kwa upole
mkono wangu unapapasa mezani, unatafuta tupa.
Namtazama kichwani, namtazama begani.
Mara nyingi ni mtu tu,
amesimama mlangoni na ukungu mabegani,
anataka bawaba.