Theluji ya Kijani

Saa kumi na mbili asubuhi, Närpes, mwezi wa Januari,
na asubuhi ni jina tu.
Jua lina saa nne nzima za kulala,
na hata likiamka litajiegemeza kwenye misonobari
kama mgonjwa aliyetolewa nje apunge upepo,
kisha litarudishwa ndani.

Nasukuma mlango wa kioo kwa bega.
Ndani, waridi. Waridi iliyokolea ikakaribia zambarau,
rangi isiyomkumbusha mtu shamba lolote:
taa nyekundu, taa za buluu, safu juu ya safu,
na chini yake trei mia mbili na arubaini
za figili, haradali, njegere, alizeti.
Humu jani la kijani huonekana jeusi.
Kijani hakimo kwenye taa hizi.
Hatukukilipia.
Ndiyo maana Nhàn hatembei bila tochi nyeupe;
huinama, huimulika trei, huiuliza:
unaumwa, au ni taa tu?

Tulikuwa watu wa nyanya.
Baba mkwe alihesabu maisha kwa nyanya:
mwaka wa kupasuka, mwaka wa mnyauko,
mwaka ambao Börje alizaliwa katikati ya mavuno
na wiki mbili hakuna aliyepata nafasi ya kumpa jina.
Kisha ikaja bili ya umeme.
Börje aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi,
na kabla ya theluji tukang'oa kamba zote za nyanya.

Sasa tunauza watoto.
Siku tisa, kumi hazifiki.
Hatungoji jani la tatu.
Nhàn hupitisha kisu chini kwa chini, kama anayenyoa,
na harufu ya figili hupanda, kali, ya kutoa machozi,
harufu kubwa kuliko kitu chenyewe.
Kijisanduku kinakwenda Vaasa, kwa mpishi
atakayeweka majani matano juu ya samaki,
na mlaji atayasukuma kando kwa uma.
Nalijua hilo. Hulipwa hata hivyo.

Usiku wa deni, husemwa, haukawii kucha.
Aliyesema hakulala hapa.
Huku deni hufika na usiku ungali umekaa kitako.
Simu hunitajia bei ya umeme saa kwa saa,
nami huzima na kuwasha
kama mtu anayepumua kwa hesabu.
Jumanne ile bei ilipopaa
tulizima siku moja na nusu.
Njegere zikarefuka shingo gizani,
nyeupe, nyembamba, zikitafuta.
Hazikujua kwamba hakuna kitu.
Zilirefuka tu.

Sixten, jirani, aliwahi kutushtaki halmashauri:
wingu la juu ya nyumba yetu lina rangi ya jeraha,
naye ana darubini, anataka nyota zake.
Jumatano usiku akaja.
Nilidhani amekuja kushukuru.
Alisimama mlangoni na kofia yake kichwani,
akauliza tutawasha lini.
Hakuongeza neno, nami sikumchokonoa.
Tangu Valborg wake aondoke,
dirisha lake la jikoni linatazama huku.

Tuliwasha usiku wa kuamkia Alhamisi, saa tisa, bei iliposinzia.
Nusu ya njegere hazikusimama tena.
Nikatoka kuzimwaga kwenye mboji.

Na hili sijawahi kumweleza Börje likaeleweka:
ukikaa sana kwenye ile waridi
kisha ukatoka ghafla, chini ya taa nyeupe ya uani,
theluji ni ya kijani.
Ua zima. Paa la ghala. Gari la Nhàn.
Kijani kichanga, cha siku tisa,
kana kwamba jicho lilikuwa likiweka akiba
ya kile lilichonyimwa.
Hudumu kadiri ya kuhesabu hadi ishirini.

Nilihesabu.
Kwenye kumi na nne, ng'ambo, Sixten akazima taa yake ya jikoni.
Kisha theluji ikawa theluji,
ndoo ikawa baridi mkononi,
na Nhàn, ndani, ananiita kwa tochi.