Kabla ya Kupima, Rudisha Sufuri

Kazi yangu ni kupima.
Mwaka wa kumi na tisa huu, ghala la tufaa la Wierzbicki,
mwendo wa saa moja kusini mwa Warshawa:
kreti inapita, mshale unatikisika, naandika.
Kilo kumi na tatu. Kumi na tatu na robo.
Tufaa lililobonyea huenda kwenye juisi,
wala haliulizwi lilibonyezwa na nani.

Jumatatu nilipima kitu kingine,
chooni, mlango nimeuzuia kwa mgongo,
kipimo juu ya sinki, kando ya sabuni.
Mistari miwili.
Nikachukua kijikaratasi cha maelezo, nikakisoma mbele na nyuma
kama mtu anayetafuta kosa la chapa.

Nina miaka arobaini na mbili.
Lidka, binti yangu, amenipita kwa urefu, anavaa makoti yangu.
Zenon yuko njiani na lori la jokofu,
hupiga simu Jumapili kutoka kituo cha mafuta
na swali lake la kwanza ni boila.
Nikamwambia boila ni nzima.

Mchana, wenzangu wakila, nikapanda kwenye mizani ya ghala.
Sitini na nne. Ileile ya Septemba.
Nimekuwa mzito, na chuma hakijui.

Basi nikaanza kupima, maana sijui kazi nyingine.

Nikaweka kitanda kilicho darini, bado kina picha ya bata;
nikaweka mgongo wangu;
nikamweka daktari aliyesema, akivua glavu,
siku alipozaliwa Lidka, “Usirudie,”
asieleze kama ni amri au ushauri.
Upande wa pili nikaweka jina moja
nililolihifadhi miaka yote bila wa kumpa.
Jina tu. Herufi tano.
Mshale ukaenda, ukarudi.

Nikaweka basi la usiku na mto Oder.
Ng'ambo, Wajerumani wana kliniki, wana mkalimani.
Halszka wa vibandiko alikwenda Ijumaa,
Jumatatu yuko kwenye mkanda, nywele amezifunga vilevile.
Hakusimulia ila kwamba walimpa chai na biskuti mbili,
na kwamba alizila zote mbili.

Nikaweka dirisha la masista,
lile lenye kengele na godoro lenye joto:
unalaza, unafunga,
unaondoka kabla kengele haijakoma.
Hilo nililishika muda mrefu.
Miezi tisa macho yote tumboni,
kisha mikono mitupu dukani,
na mwenye duka akihesabu chenji pole pole,
pole pole mno.

Mama akaweka kidole kwenye sahani.
Ana miaka sita kaburini, lakini kidole ni chake.
Mimi, akasema, nilizaa watano, chumba kimoja, jiko la makaa.
Nikamkumbusha: Mama, tulikuwa wanne.
Akanyamaza.
Nami sikumuuliza. Nikausogeza mkono wake taratibu,
nikaushika kidogo.

Wengine sikuwa na upole nao.
Padre Ireneusz na kidole chake. Zenon, hata bila kujua, na chake.
Waziri kwenye televisheni, tai ya buluu, kiganja kizima.

Siku yangu ya kwanza kazini walinifundisha jambo moja:
ondoa kreti, futa vumbi, toa hata jani,
subiri mshale utulie.
Kabla ya kupima, rudisha sufuri.

Usiku huo nilikaa jikoni, taa nimezima,
jokofu likinguruma na kuacha, likinguruma na kuacha.
Sikuweka kitu. Nilisubiri.
Nilichokiona mshale ulipotulia
sijakiandika kwenye daftari lolote.

Asubuhi nikamwendea msimamizi, Bi Wiesława.
Alhamisi na Ijumaa, nikasema, sitakuja.
Alinitazama, kalamu mkononi, kama anayekisia uzito kwa jicho.
Kisha kwenye safu ya sababu,
kwa mwandiko wake mnene,
akaandika: jino.